Kiti cha Selestine Barazani

Ukame ulipomaliza ng'ombe wa baba yake huko Kishapu, Selestine Masele alikwenda Geita kutafuta kazi. Aliipata kwenye nyumba ya kuchunguzia madini, iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili na kampuni nne za dhahabu. Kampuni hizo zilichangia gharama, na kila moja ikaweka mtu wake kwenye baraza la kuiendesha.

Waafrika walisaga mawe na kuchochea tanuri. Unga wa mawe uliyeyushwa pamoja na madini ya risasi ili dhahabu ijitenge. Dohani ilikuwa fupi, hivyo moshi wote ulishukia kota za wafanyakazi.

Mwaka 1954 baraza lilitoa kiti kimoja kwa Mwafrika. Meneja akamteua Selestine, aliyekuwa nyapara wa tanuri. Jioni hiyo kota nzima ilisherehekea. Maige, mchochea moto mwenzake wa tangu zamani, alimshika mkono.

"Sasa tuna mdomo, nyapara. Waambie warefushe dohani. Watoto wanakohoa."

Aliwaambia. Mwenyekiti alimsikiliza kwa adabu, kisha mjumbe mmoja akasema dhahabu inapungua, kampuni yake haitajenga kitu kipya. Wanaokubaliana naye wakainua mikono. Walipoulizwa wanaopinga, Selestine akainua wake.

"Shusha mkono," meneja akamwambia taratibu. "Wewe ni mshauri, huna kura. Na ya humu hayatoki nje."

Maige alikuwa akimsubiri mlangoni. "Wanasemaje?"

"Bado wanazungumza."

Jibu likawa hilo hilo kila baada ya kikao, mwaka mzima. Kisimani wanawake wakawa wananyamaza Generosa, mke wa Selestine, anapofika.

"Wanasema unakula nao," Generosa alimwambia. "Kiache hicho kiti, Baba Melania."

Selestine akaenda kwa meneja kuomba aondolewe barazani.

"Kiti ni cha nyapara wa tanuri," meneja alimjibu. "Ukikiacha, unyapara umeacha, na kota atapewa mwingine."

Selestine akafikiria Kishapu. Shamba la baba yake kaka zake walikwisha kuligawana. Akasema, "Ndiyo, bwana," akarudi tanurini.

Masika yale mtoto wa Maige alizidiwa na kifua, mama yake akamrudisha kwao Segese. Maige alikuja kazini macho mekundu. Selestine akashindwa kujizuia.

"Hawatajenga, ndugu yangu. Walikataa siku ile ya kwanza."

Maige alimtazama. "Na wewe ukajua, ukanyamaza?"

Asubuhi iliyofuata Maige aliwaongoza wenzake hadi ofisini, tanuri likalala baridi. Kabla ya adhuhuri alikuwa amefukuzwa kazi. Selestine naye akaitwa. Aliingia akiwa ameshapanga moyoni mahali pa kumpeleka Generosa na mtoto.

"Tunajua ni wewe uliyesema," meneja akamwambia. "Lakini hatukufukuzi. Serikali imeambiwa baraza letu lina Mwafrika. Utaendelea kukaa."

Akaendelea kukaa. Vikao vilivyofuata alipewa chai, akasikia taarifa za mashine na magunia ya mkaa, kisha akaombwa atoke kabla ya mazungumzo yenyewe kuanza. Wachochea tanuri walimwona akiingia na koti lake, basi. Hawakumuuliza tena kitu.

Maige alipohama, Selestine alikwenda kumsaidia kupakia kitanda kwenye lori. Maige alimwachia ainue upande mmoja. Walipokifikisha juu, akafunga kamba mwenyewe, akapanda mbele kwa dereva bila kuaga.