Pepo wa Sumaku

Cheka ukitaka, lakini subiri nimalize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalitokea kwetu Idsowe, kijiji cha karibu na Garsen, mlangoni pa nyumba ya mama, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kukimbia.

Dada yangu Hawa alikuwa hasemi. Si bubu, la. Alipofiwa na mumewe aliingiwa na huzuni isiyoisha, akalala, akageukia ukuta, miaka ikapita. Dawa za hospitali alimeza za kila rangi. Ngoma ya pepo alipigiwa, ubani ukafukizwa mpaka kuku wakakohoa. Wapi! Bintiye Asha, angali mchanga, akachukuliwa na shangazi yetu kwenda kulelewa Bura, na huko akakua akimwita shangazi mama. Shangazi aliapa hadharani kwamba hamrudishi mtoto kwa mama aliye kopo tupu.

Mwishowe nikampeleka Hawa Nairobi, kwa daktari mwenye mashine ya sumaku. Inawekwa kichwani, mgonjwa yu macho, nayo inagonga tu, ta-ta-ta, karibu kila siku kwa wiki kadhaa. Nikamuuliza daktari, haitamfutia kumbukumbu? Akasema haifuti, huzuni yenyewe ndiyo iliyomfunga akili, na ikilegea huenda fikra zikafunguka, ingawa si kwa kila mtu. Nikamwacha kwa binamu yetu, nikarudi kuvuna mpunga. Shangazi aliposikia alipiga makofi. "Sumaku huvuta, baba. Ikishavuta huzuni, itaacha akili?"

Sasa sikiliza. Magharibi moja umeme ulikuwa umekatika Garsen yote na simu yangu imezima tangu jana yake. Shangazi alikuwa amekuja kututembelea. Natoka kufunga mbuzi, naona mwanamke anakuja, mkoba begani, anatembea upesi upesi.

"Hujambo, mdogo wangu? Mbona mbuzi wa mama amekonda hivi?"

Sauti ya Hawa! Sauti niliyokwisha kuisahau. Wewe ungefanya nini? Nilitupa kamba nikaingia ndani mbio, kiatu kimoja nikakiacha nje.

Mama akakaa chini. Lakini shangazi ni mjuzi wa mambo hayo, amesimamia ngoma nyingi. Huku kwetu mgonjwa wa aina ile akianza kusema ghafla, anayesema si yeye, ni pepo aliyemkalia. Huulizwa jina, kisha huulizwa anachotaka, na akiahidiwa lazima apewe. Asipopewa, humgeukia aliyeahidi. Shangazi akatupa ubani kwenye makaa, akasimama mlangoni.

"Weye nani?"

"Mimi Hawa, shangazi. Shikamoo."

"Pepo hujificha kwa jina la kiti chake, yule aliyemkalia," shangazi akatunong'oneza. Kisha akapaza sauti, "Umetoka wapi?"

"Nairobi. Basi limenishusha Garsen."

"Wataka nini? Kitambaa chekundu? Marashi? Sema! Mbele ya hawa wote, utapewa!"

Hawa akatutazama mmoja mmoja. "Kwanza maji ya kunywa," akasema. "Halafu namtaka Asha."

Shangazi akataka kusema kitu, lakini Hawa hakuwa amemaliza. Alisema taratibu, bila hasira, na hapo ndipo nywele ziliponisimama.

"Siku ile ya mafuriko ulikuwa ukikuna nazi hapo hapo ulipo. Ukamwambia mama, 'Huyu akifa ni afadhali, mtoto ataniita mama bila wasiwasi.' Mama akalia. Nilitaka kukujibu, mdomo ukakataa."

Akataja na mengine: nani alikuja kumtazama akamcheka, wimbo aliokuwa akiimbiwa Asha, hata uji niliouunguza mimi nikamlisha hivyo hivyo. Kumbe miaka yote tuliyompita kama gunia la mpunga, alikuwemo! Nilishtuka, niamini, kuliko kama ningekutana na jini mwenye kwato.

Nilimwona shangazi akipima. Akisema huyu ni pepo, ahadi ya pepo hulipwa, na yeye ndiye aliyetufundisha hivyo. Akisema ni Hawa, basi Hawa amepona, na mwana ni wake. Machozi yakamtoka. Nilimwonea huruma, maana mtoto yule amemlea kwa mapenzi. Akaenda mtungini, akachota maji, akampa Hawa kwa mikono miwili.

"Karibu nyumbani, mwanangu," akasema.

Asha yuko nasi sasa. Ana mama wawili, na shule zikifungwa huenda Bura. Kuna majira uzito humrudia Hawa, kama daktari alivyoonya, naye hurudi Nairobi kugongwa tena. Mimi hadi leo akiniita magharibi mwili hunisisimka, na yeye hunicheka.

Nawe, kama kwenu kuna mtu aliyegeukia ukuta, chunga unachosema ukikuna nazi. Yupo, anakusikia. Na siku akirudi, usimuulize jina la pepo wake. Mpe maji.