Masaa Tisa ya Kupatana

Vijiji vya ujamaa vilipokuwa bado vipya, biashara yangu ya vitenge sokoni Tabora ilidorora, nikapata kibarua cha ukarani kwa daktari mmoja mtafiti. Alitaka kujua kama mtu akiulizwa anaweza kusema kweli ameutumia mwili wake kiasi gani mwaka mzima: kulima, kutembea, kutwanga, kubeba maji. Fomu ingejazwa, tungoje miezi mitatu, watu wale wale waulizwe tena, kisha alinganishe. Nikiifanya kazi vizuri, ningeajiriwa moja kwa moja. Nikiharibu, ningerudi kwenye vitenge ishirini na viwili visivyotoka. Nilivihesabu mara mbili.

Nikapewa baiskeli na fomu arobaini, nikaenda kijiji kimoja upande wa Goweko.

Wa kwanza alikuwa mzee mkulima wa tumbaku. Nilimpa shikamoo yake, akanipa kigoda. Nilipomuuliza ametembea kiasi gani, akaanzia kwa babu yake aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani. Ilinichukua muda kumtoa babu kwenye hesabu. Na kulima?

"Masaa kumi na manne kwa siku," akasema bila kupepesa macho.

Mtu wa sokoni akitajiwa kumi na nne haandiki. Anacheka kwanza. "Mzee wangu, na kula unakula saa ngapi? Mimi nakupa saba."

"Saba ni za mgonjwa, kijana. Kumi na mbili."

"Nane, na hapo nimezipa heshima mvi zako."

Tukaishia tisa, tukashikana mikono, nikaandika. Daktari alisema niandike wanachosema, na mzee alikuwa amesema tisa. Sikuona kosa.

Mkewe alisema yeye hana kazi, yupo tu nyumbani. Aliyasema hayo akitwanga. Huyo ilibidi nimpandishe. Nikamtajia masaa sita, akasema mawili yanatosha, majirani wasije wakasema anajikweza. Tukafika matano. Kufikia siku ya tatu kijiji kizima kilishanijua, na wanaume walikuwa wakianzia kumi na nane.

Miezi mitatu baadaye nilirudi. Safari hii hakuna aliyenisumbua. Mzee: tisa. Mkewe: matano. Nilipiga mluzi njia nzima.

Daktari alilinganisha karatasi moja moja, akavua miwani. Zote arobaini zilifanana na zile za mwanzo.

"Hakuna binadamu anayekumbuka hivi," akasema. "Umezijaza mwenyewe, umekaa mgahawani."

Nikamwomba twende kijijini akaulize mwenyewe. Akanipakia kwenye gari, tukaenda moja kwa moja kwa mzee. Mzee akamjibu tisa. Daktari akamuuliza anakumbukaje. Mzee akamtazama kama anavyotazamwa mteja anayerudisha kitambaa alichokwisha kukikata.

"Tulipatana, Daktari. Mimi si mtu wa kugeuka."

Akasimulia yote, tangu kumi na nne, akinisifu jinsi nilivyombana. Kwa sifa hizo nikaokoka kuitwa mwongo, ila ukarani nao ukaanza kuniponyoka.

Daktari alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Alisema zile fomu zimepima jambo moja tu, nalo ni ulimi wangu. Kisha akanipa nafasi ya mwisho: wiki moja kwa mzee, na saa ya mkononi, mdomo nimefunga, niandike ninachokiona tu. Nikishindwa, vitenge.

Nikakaa pembeni mwa shamba. Siku ya kwanza mzee alilima masaa kumi, akinitupia jicho kila akifika mwisho wa tuta. Siku ya pili, kumi na moja. Siku ya nne alifika kumi na matatu, mgongo umepinda kama jembe lenyewe. Ulimi uliniwasha kumpunguzia, nikaumeza.

Daktari aliporudi alisoma daftari langu mara mbili. "Kumbe mzee alikuwa anakaribia ukweli aliposema kumi na nne?"

Sikujibu, nilikatazwa. Aliyejibu ni mke wa mzee, akitua ndoo ya maji.

"Daktari, huyu karani umwajiri leo hii, lakini tuachie hapa hapa mpaka mavuno. Tangu niolewe sijamwona huyu mzee shambani baada ya adhuhuri."

Mzee akaomba maji ya kunywa. Daktari akaandika maneno ya mama yule neno kwa neno. Mwezi uliofuata niliajiriwa, kwenye meza ya kujumlisha, mbali na mtu yeyote wa kuulizwa.