Doa la Bibo

Mimi ni wa Mkomaindo, mjini Masasi, na kwetu hata mtoto anajua sheria ya mikorosho: bibo lililoanguka ni la mpita njia, kula ushibe. Lakini korosho yake inyofoe, uiache shinani kwa mwenye shamba. Shangazi aliniongezea yake: usile bibo na nguo nyeupe. Maji yake yakigusa nguo, hata usugue mpaka mikono ichubuke, doa halitoki ng'o!

Siku ya kwenda Mkunya kutambulishwa kwa mama wa mchumba wangu, nilivaa gauni jeupe. Njia nzima shangazi akanitisha. "Wajomba zake wanakuja kukuona. Wakisema huyu mchafu, harusi hakuna." Na mimi yule kijana nilikuwa nampenda, jamani, hata sisemi.

Tukakatisha shambani kwao. Jua linawaka, koo limekauka, na pale chini bibo jekundu, limeiva hilo! Shangazi alikuwa mbele. Nikainama, nikauma. Lo! Maji yakanichuruzika kifuani. Nikainyofoa korosho, nikaiweka shinani, nikaanza kulia.

Shangazi alipogeuka, alishika kichwa. "Yarabi! Umetumaliza!"

Tulifika hivyo hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa kifuani kwangu. "Umekula bibo langu?"

"Ndiyo, mama."

"Na korosho?"

"Nimeiacha shinani. Mkorosho ule ulioinama njiani."

Mama akatoka, akaelekea shambani mwenyewe. Shangazi akawa ananifinya tu. Mama alirudi na korosho yangu kiganjani, na sinia la mabibo kichwani. Akaketi mkekani karibu yangu, amevaa kitenge kipya cha njano, cha wageni kabisa. Akachukua bibo, akaliuma kwa makusudi, maji yakamtiririka mpaka mapajani.

"Mama, kitenge!" nikapiga kelele.

"Kitenge kitu gani? Kula, mwanangu. Wakiuliza, tumechafuka wote."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Hata shangazi akavua ushungi wake mzuri, akauweka mbali, akanyoosha mkono.

Wajomba walipobisha hodi walitukuta watatu, midomo inameremeta, nguo hazitamaniki. Mjomba mkubwa alinitazama kifuani, akamtazama dada yake mapajani, akalitazama sinia. Kisha akavua koti lake, akauliza kama yamebaki.