Tulivyopanga Krismasi ya ski Austria, na aliyefika ni Mama peke yake

Wakuu, habari za majumbani.

Kaeni vizuri niwape haya mambo jinsi yalivyotokea. Sijaongeza chumvi, na hata ningetaka, mashahidi ni wengi mno. Karibu mtaa wote wa Kware unaijua hii stori, na aliyeutangazia ni mimi mwenyewe.

Mimi ni dereva wa ofisi. Nakaa orofa ya sita na mke wangu Mwende na watoto wawili, Muthama na Mutheu. Kwetu ni Ukambani, na Mama anaishi huko peke yake tangu mzee atuache.

Tuna dada mmoja, Nduku, kitinda mimba wetu. Ni nesi Austria. Ana miaka saba huko na hajawahi kurudi. Kila Krismasi yeye ndiye hubaki wodini, kwa sababu wenzake wana familia za kurudia.

Mwaka jana mwezi wa nane akanipigia. Alikuwa amepewa likizo ya Krismasi kwa mara ya kwanza. Akasema tuje wote na Mama, ameweka akiba ya tiketi, na karibu na kwake kuna mlima ambapo watoto watafunzwa ski, kule kuteleza kwenye theluji.

Halafu akashusha sauti. "Bro, Krismasi ingine peke yangu sitaweza."

Wakuu, nilichosikia mimi ni ski.

Akaniambia yeye mwenyewe ameshamtafutia Mama slot ya visa online, yaani siku ya kupeleka maombi, sisi wanne tujitafutie siku hiyo hiyo. "Huku Krismasi ni peak season. Kila kitu hujaa. Usilale."

Nikamwambia, "Wee tulia. Si unanijua?"

Ananijua, ndiyo maana slot ya Mama alikuwa ameitafuta mwenyewe.

Hapa niwaeleze kichwa changu kinavyofanya kazi. Kwetu sisi Krismasi huendwa tarehe ishirini na nne. Unafika stejini na mifuko na kuku wa shemeji, makanga anakwambia basi limejaa, unamwambia halijajaa, mnabishana, mwishowe unakaa juu ya kreti ya soda katikati ya viti na jioni uko nyumbani unakula pilau. Tangu nizaliwe sijawahi kukosa nafasi. Nauli ikipanda unalalamika, unalipa, unaenda.

Kichwa hicho ndicho nilichopangia Ulaya.

Basi slot nikaiweka kando, nikashughulikia mambo niliyoona ni ya maana: makoti, na kutangaza.

Makoti nilipata Gikomba, kwenye soko la mitumba. La kwangu ni la zambarau, la kike, lakini lilinikaa vizuri kuliko yote na muuzaji aliapa kwamba Ulaya hawaangalii. Kutangaza nilianzia kwa kinyozi. Baadaye ofisini, halafu jumuiya ya kanisa, ambako mwenyekiti alisimamisha ibada tuombewe safari njema. Tulipiga magoti familia nzima. Sikuwa nimefungua hata hiyo website ya visa.

Tena nikamtumia mjomba picha ya ski. Mjomba ni mchongaji wa vinyago. Baada ya wiki kadhaa akaleta pea nne za mbao nzito, zimepigwa msasa hadi zinang'aa, na kila ncha ina kichwa cha twiga.

"Mjomba, hawa twiga ni wa nini?"

"Mzungu hanunui kitu haina mnyama," akanijibu. "Nina miaka mingi kwa hii kazi."

Nduku alipoziona kwenye video alicheka mpaka akakaa chini. Huko ski hukodishwa, bwana.

Mama alikuja Nairobi mwezi wa kumi kwa siku yake ya kutoa alama za vidole za visa. Nilimpeleka mwenyewe, nikamngoja nje, na hata pale mlangoni sikushtuka. Nilijiambia nikishuka kutoka hapa nitafanya ya kwetu. Nikashuka, tukaenda zetu Kiamaiko.

Kiamaiko nina rafiki, Guyo, muuza nyama ya mbuzi, na ana cold room, kile chumba cha baridi wanachoning'inizia nyama. Nilikuwa nimemwomba familia yangu izoee baridi kidogo kabla ya safari.

Msinicheke bado.

Tukaingia watano, makoti yamefungwa mpaka kidevuni, mbuzi wamening'inia kila upande. Guyo akafunga mlango. Mutheu akaanza kulia kwamba mbuzi wanamwangalia, na hawakuwa na vichwa. Muthama akawa anaruka ruka. Mimi kiongozi wa msafara nilivumilia kidogo, nikasema kuna simu ya ofisi lazima nipokee, nikatoka. Mwende akanifuata na watoto.

Mama hakutoka. Nilipochungulia alikuwa na leso yake juu ya koti, anabonyeza paja la mbuzi.

"Guyo, huyu alikuwa mgonjwa?"

"Aa, Mama! Huyo mzima kabisa. Angalia mafuta."

"Mbona amekonda hapa?"

Alitoka na maini mazuri na bei ya chini. Baridi hakuitaja.

Mwezi wa kumi na moja, visa ya Mama ikiwa imeshatoka, ndipo nikakaa na simu nitafute slot zetu. Kalenda yote ilikuwa imefungwa. Desemba hakuna, Januari hakuna, nafasi ya kwanza ilikuwa Februari. Nikazima simu, nikaiwasha, ikawa vile vile.

Nikafanya kile ninachojua kufanya. Nikaenda mwenyewe mpaka geti la ofisi za visa, nikamvuta askari kando.

"Boss, hakuna ka-nafasi hata kamoja? Hata ka kusimama?"

Akaniangalia vizuri. "Kusimama wapi, mkubwa?"

Nilirudi nyumbani. Mwende alikuwa anasukuma chapati na hakuacha kusukuma nikimweleza.

"Na jumuiya walishatuombea," akasema.

"Ndiyo."

"Basi utarudi uwaambie waombe tena, safari hii wakuombee akili."

Nilistahili. Lakini kibaya kilikuwa bado.

Mama aliposikia sisi hatuendi, akasema naye haendi. "Mimi hata lift sijapanda. Nipande ndege peke yangu, nipotelee kwa wazungu? Tutaenda wote Pasaka."

Na kwa kuwa nimewaahidi ukweli, wakuu: nilifurahi. Mama akibaki, inakuwa safari imeahirishwa. Mama akienda, kila mtu atajua ni mimi niliyelala. Nikamwambia, "Ni kweli Mama. Pasaka hata hakuna msongamano."

Mwende alikuwa mlangoni. Akaweka sufuria chini.

"Baba Muthama, Pasaka Nduku atakuwa na likizo?"

Nilijua hana. Alikuwa ameibadilisha na Krismasi.

"Mwambie Mama vile Nduku alikuambia," akasema Mwende.

Nikamwambia. Kwamba alisema hawezi Krismasi nyingine peke yake. Mama hakuwa anajua. Kila Jumapili Nduku humpigia na kumwambia yuko sawa, amekula, kazi ni nzuri. Na Mama huku humjibu magoti hayaumi, ng'ombe wako sawa.

Mama akaniangalia mpaka nikatamani anitukane.

"Alikuambia lini?"

"Mwezi wa nane."

"Na wewe ukaenda kununua koti."



Akainuka, akafunga leso vizuri. "Nitafutie sanduku," akasema.

Siku ya safari tulimwombea msaada wa kiti cha magurudumu ili asipotee ndani ya uwanja wa ndege, ingawa Mama hunishinda kutembea. Alikaa kama chifu, akatupungia mkono mara moja, akasukumwa. Mimi nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilimwona mdogo sana ndani ya lile koti, na nikajua likimpata lolote njiani sitajisamehe.

Alifika salama. Nduku alituma picha moja tu, wamekumbatiana, nyuso hazionekani.

Sisi tukabaki Kware. Kila niliyekutana naye kwenye ngazi aliniuliza, "Mmerudi lini?" Niliamua kusema ukweli kwa wote. Kinyozi alinifanya nirudie mara mbili, ya pili akiwa ameita wateja wa jirani.

Krismasi mchana tukawapigia video. Tulikuwa tumekula, simu tumeiegemeza kwenye kopo la sukari. Ikatokea sebule ndogo, dirisha nyuma ni jeupe kabisa, theluji mpaka kwenye kingo. Mama yuko kwenye kiti. Nduku ameketi sakafuni katikati ya magoti ya Mama, kichwa kimeinama, anasukwa.

Mutheu akaruka kumwita nyanya yake. "Susu! Umeteleza na ski?"

"Hizo ni za kesho," Mama akasema bila kuinua macho. "Leo kichwa ya huyu imenishinda. Sijui nani alikuwa anaichana."

Nikaanza kuomba msamaha. Nilikuwa nimejitayarishia maneno, ya peak season na ya kulala. Nduku akanikatiza.

"Bro, wachana na hiyo. Mngekuja wote, saa hii ningekuwa jikoni nawapikia, nawatafutia magodoro. Nimekuwa nikihudumia watu miaka saba." Akafunga macho. "Leo mimi ni mtoto wa mtu tu."

Mama akamvuta sikio. "Tulia, utafanya laini ya nywele ipinde."

Akatulia.

Nilitoka nikaenda balkoni, nikasema naangalia kama nguo zimekauka. Nililia, wakuu, mwanaume mzima na nywele za mvi, na jirani wa ng'ambo akaniona na kuniuliza kama Austria ni mbaya hivyo.

Funzo ni hili. Krismasi hujaa dunia nzima, na kule hakuna kreti ya soda. Ukiambiwa ubuku nafasi leo, buku leo. La pili, mtu wako wa mbali akikupigia na habari nyingi nzuri, msikilize pale anaposhusha sauti. Mimi nilihitaji mke wangu anikumbushe mbele ya mama yangu, na bado nina aibu.

Mama hajarudi bado. Tukiuliza anarudi lini, anasema simu ina kelele.

Sasa uwanja ni wenu. Mliowahi kuteleza kwenye theluji, niambieni kama kuanguka kunauma, maana wanangu wanaulizia mwaka huu. Mlio na ndugu huko nje, semeni mara ya mwisho alipowaambia yuko sawa mlimwamini kwa nini. Na wa kunicheka pia karibuni, ila pangeni foleni nyuma ya kinyozi.