Nyufa za Nyumba ya Askofu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kushika mwiko. Nilifika Nyumba ya Askofu pale Ngokolo asubuhi na mapema, mwanamume mzima mwenye mke na binti, timazi na pimamaji mkobani, nikijiona fundi kuliko mafundi wote wa Shinyanga. Bruda Msimamizi wa Majengo, mtawa mrefu asiyecheka, akanitazama kuanzia viatuni.

"Leo unaizunguka tu," akasema. "Kesho utaniambia inaumwa wapi."

Weee! Nilikasirika. Mtu nimejenga shule nzima kule Didia, leo nazungushwa nyumba! Lakini nilizunguka. Kufikia mzunguko wa saba hivi nikaanza kuona: ufa mwembamba juu ya dirisha la mashariki, mlango wa stoo unaosugua sakafu kwa sababu fremu imeinama. Kesho yake nikamtajia yote. Hakunisifu hata kidogo. Alinikabidhi ufunguo wa stoo ya vifaa, nao nikakaa nao mpaka nilipostaafu.

Nyie vijana mkipita pale mnaona nyumba ya kizamani yenye bati lililopauka. Askofu wa kwanza alipokuja hakuwa na nyumba kabisa. Alilala kwenye chumba cha kuhifadhia pamba, nyuma ya parokia. Waumini wakaona aibu. Wakafyatua tofali, wakazichoma, wakazileta kwa mikokoteni ya ng'ombe, na kila kigango, kanisa dogo la kijiji, kilichora alama yake kwenye tofali zikiwa bado mbichi. Plasta imezifunika, ila mimi nazijua: jembe ni la Didia, pembe za ng'ombe ni za Ibadakuli. Baraza likajengwa pana vile kwa sababu mzee wa Kisukuma hasemi shida yake akiwa amesimama. Askofu wa pili akaongeza chumba cha kulala upande wa mashariki, na hapo ndipo tabu ilipoanza, maana upande ule umekaa juu ya udongo mweusi wa mbuga.

Udongo ule ni mkorofi, jamani. Kiangazi unapasuka hadi mguu wa mbuzi unazama. Masika unavimba, unainua msingi. Fundi mgeni huziba ufa kiangazi, ukiwa wazi, na kujipongeza. Mvua zikija ukuta hauna pa kurudi, unasukumana wenyewe kwa wenyewe. Sisi tulisubiri, na tuliweka shahidi. Shahidi ni kipande chembamba cha plasta kinachovuka ufa, unakichora mwezi na mwaka kwa msumari. Akikaa mzima, ufa umelala. Akikatika, ukuta unatembea, na hapo hakuna mchezo.

Katikati ya utumishi wangu nilipelekwa Geita kujenga nyumba ya mapadre jirani na machimbo. Paroko wa kule alinitania: "Fundi, hapa wote wanakwenda chini, wewe peke yako unakwenda juu!" Wachimbaji walinionyesha matimba, magogo yanayozuia kuta za duara, lile shimo la dhahabu, zisiporomoke. Niliporudi Shinyanga nikamwambia mke wangu kwamba nimeikumbuka sana ile nyumba. Akaninunia wiki nzima, na haki yake.

Kisha akaja Askofu wa tatu, mtoto wa machimbo ya Geita, mpole, anayekusalimia "Mwangaluka" kabla hujafungua mdomo. Mhandisi mmoja aliletwa kuikagua nyumba. Akaona nyufa, akashauri ivunjwe yote. Nilipiga magoti barazani mbele ya Askofu. Sioni haya kusema: nilikuwa nikiipenda nyumba ile mno.

"Inuka, Baba Milembe," akasema Askofu. Milembe ndiye binti yangu. "Nakupa masika moja. Mashahidi wote wakikaa wazima, nyumba inabaki. Akikatika hata mmoja, uniambie."

"Nitakuambia, Baba Askofu."

Nikaweka mashahidi kila penye ufa. Mvua zilipokolea nikawa nawapitia kila asubuhi Askofu akiwa kwenye misa, na wote walikuwa wazima. Mpaka siku nilipochungulia nyuma ya kabati lake, katika chumba kile cha mashariki. Shahidi alikuwa amekatika vipande viwili, na wembe ungepita katikati. Loo! Nilikaa kitandani kwa Askofu bila kujua nimekaa. Nikawaza mikokoteni, nikawaza alama za vigango. Nikakwangua shahidi yule, nikaweka mwingine, nikachora mwezi uleule wa mwanzo. Ndiyo, mimi.

Baada ya siku nane Askofu aliniita tunywe uji barazani.

"Mashahidi wanaendeleaje?"

"Wazima wote, Baba Askofu."

Akafurahi, masikini. Akaanza kunisimulia habari za nyumbani kwao. "Kaka yangu alifia duarani," akasema. "Msimamizi wao aliona timba limepasuka, akanyamaza. Walikuwa wameukaribia mwamba wa dhahabu, aliogopa duara lisije likafungwa. Hakuwa mtu mbaya, ujue. Alilipenda tu duara lake."

Alisema hivyo bila kunishuku, akikoroga uji. Nikaweka kikombe chini.

"Baba Askofu, msimamizi huyo ni mimi."

"Una maana gani?"

"Shahidi wa nyuma ya kabati lako alikatika. Nikaweka mwingine. Umelala mle siku nane, mimi nikijua."

Akainuka, akauacha uji wake. "Nenda kahamishe kitanda changu," akasema, akaingia ndani. Nilikihamisha mwenyewe, machozi yakinitoka, nikajua kazi imekwisha.

Kazi haikuisha. Nilikibomoa chumba kile kwa mikono yangu, nikasafisha tofali moja moja, na nyumba ya zamani iliyobaki, iliyo kwenye ardhi ngumu, ingali imesimama na baraza lake. Mwaka uliofuata nikastaafu. Sasa niko Didia, nalima kidogo, magoti yananiuma, na mafundi vijana huja kuniuliza mambo ya chokaa na lenta. Nawaambia maaskofu wataingia na kutoka, nyumba ile si ya yeyote kati yao, ila usiku wa leo kuna mtu amelala ndani, naye ndiye kazi yako. Kisha huniuliza kama Askofu alinisamehe. Hakuwahi kulitamka neno hilo.

Ila kabla ya kubomoa tulichimba kando ya ukuta ule, tuone chini kukoje. Msingi ulikuwa unaning'inia, udongo umeuacha. Niliingiza mkono wangu hadi begani, hewa tupu, chini ya pale kilipokuwa kitanda chake. Askofu akaja, akakunja mkono wa kanzu, akapiga magoti kwenye tope. Akavua pete yake ya uaskofu, akaiweka kwenye kiganja changu kilichojaa udongo.

"Nishikie, Baba Milembe."

Akaingiza mkono, akautuliza mle ndani kitambo kirefu. Aliutoa ukiwa umejaa tope. Alikwenda kunawa bombani, nyuma ya nyumba, akaniacha nimesimama na pete yake, mimi niliyemdanganya, wala hakugeuka kutazama.