Kinyago Kilichoelea

Harufu ya dawa nyeusi ya viatu hunichosha mpaka leo. Asubuhi za shule hujaa kila nyumba hapa Mbagala, na kila ikinifikia hunirudisha darasa la sita, mwaka ambao mwalimu wa sanaa alimtaka kila mmoja wetu achague kinyago anachokipenda, akitafiti, kisha akieleze mbele ya wenzake. Sikuumiza kichwa. Sebuleni kwetu alisimama bibi yangu wa Newala, mtungi kichwani, shingo imelemewa. Baba alimchonga kwa mpingo kabla sijazaliwa. Nilipokuwa mdogo nilishindwa hata kumsogeza.

Wiki mbili nzima niliwasumbua wachongaji wenzake baba kwa maswali. Mzee mmoja akaniambia mpingo hauna haja ya kubishaniwa. "Utie majini, mjukuu wangu. Utazama kama jiwe." Nyumbani maji tulinunua kwa madumu, nani angeniachia ya kuchezea? Nikaamua kujaribia shuleni. Siku ilipofika nilikibeba kinyago kwa mkono mmoja njia nzima, nikijisifu kwamba nimekua.

Nilieleza vizuri, lazima niseme. Nikatamba kwamba baba yangu hachongi ila mpingo, na ndiyo maana anaheshimiwa. Kisha nikamtumbukiza bibi kwenye ndoo ya kupigia deki. Akaibuka. Nikamkandamiza, akaibuka tena, maji yakawa meusi na mikono yangu ikanuka viatu. "Mwembe huo! Umepakwa dawa ya viatu!" akapiga kelele Zuhura, binti wa mchongaji kama mimi. Darasa zima likacheka. "Njia ya mwongo fupi," mtu akasema huko nyuma. Lakini mwongo hakuwa mimi. Alikuwa baba, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilimkuta uani anapiga msasa. Nikamwekea kinyago miguuni, kina mabaka kama ukuta uliovuja.

"Baba, umenidanganya."

Alikiokota. "Kile cha mpingo nilikiuza mama yako alipolazwa," akasema. "Sikutaka arudi akute pale pako wazi. Nikachonga kingine." Akakifuta kwa shati lake. "Haya, mwalimu kakupa maksi ngapi?"

Nikaingia ndani. Nilinuna wiki nzima, na hakuna wiki ninayoijutia kama hiyo.

Baba alishatangulia mbele ya haki. Kinyago ninacho, dawa imekwisha yote, umebaki mwembe mtupu. Siku hizi kazi kama ile watoto huimaliza kwenye simu, wakachapisha picha stesheneri, wala hawalowi. Juzi nimerudi kazini miguu inawaka moto, nikampakulia binti yangu wali uliokuwapo. Akaniuliza mbona sahani ni moja. Nikamwambia nimeshakula huko huko. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu chai ya asubuhi. Akaniamini, akala akamaliza, na mimi nikakaa pale, bibi ananitazama kutoka juu ya kabati, nikishukuru kwamba hapakuwa na ndoo karibu.