Udongo Nilioanika Juani

Nimepika pombe ya busaa mtaani Gatwekera miaka mingi, na sioni haya kusema. Ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Mimi mwenyewe niliishia darasa la pili. Sasa nimezeeka, nafua nguo Kawangware kwa mama mmoja mwenye ploti ya nyumba za kupangisha. Binti yake yuko chuo kikuu, anasoma udongo. Mara ya kwanza nilicheka. Nyumba yangu yote ni udongo na mabati, na hakuna aliyewahi kuja kuisoma.

Siku moja binti huyo alirudi kutoka msitu wa mlimani, buti zimejaa matope, amebeba mifuko midogo ya udongo aliochimba chini ya miti. Nusu akautandaza kwenye magazeti. Huo ulikuwa wa kupima kaboni, alisema, ile inayobaki majani na mizizi ikioza. Nusu nyingine ilikaa kwenye kasha la barafu.

"Na huo mbona unalala baridini?"

"Shosho," huniita hivyo kama nyanya yake, "huo nataka kupima vimeng'enya vyake. Ndivyo vinavyovunjavunja majani yakaoza. Ni kama..." Akatafuta neno.

"Kama kimea?"

"Enyewe! Kama kimea tu."

Hapo tukaelewana. Kimea nakijua: unaotesha wimbi, unaikausha, unaisaga, unatia kwenye busaa, nayo inalainika na kuchachuka. Bila kimea unakunywa uji.

Kesho yake stima ikapotea, friji ya nyumbani ikazima, hakuna barafu mpya. Akaenda chuoni kuomba nafasi kwenye friji, akaniambia nigeuze ule wa magazetini. Mimi nikafungua kasha. Barafu imekuwa maji, udongo umelowa. Kimea kikikaa hivyo kinaota ukungu, na dawa yake ni jua. Nikauanika wote juu ya karatasi, kila rundo na mfuko wake. Kufikia saa tisa ulikuwa mkavu kama unga. Nikajisifu.

Simu ikalia. "Shosho, nimepata friji, nakuja. Usiufungue ule wa kasha. Ukikauka umeharibika, nitarudi mlimani na mvua ndiyo hiyo."

Nikasema sawa. Sawa! Nikaurudisha mifukoni, nikaunyunyizia maji, ukawa mweusi tena. Usingejua. Busaa pia nimewahi kuiongezea maji, na mlevi wa kikombe cha tatu hajui kitu. Lakini mlevi anakunywa anaenda kulala. Huyu angeenda kuandika.

Akafika, akafungua mfuko mmoja, akanusa. "Uko poa."

"Binti yangu, niliuanika," nikasema.

"Upi?"

"Wote. Hayo maji ni yangu."

Akaketi juu ya ndoo. "Yaani shosho, ulitaka kuniuzia busaa ya maji?"

"Kimea hakifi juani," nikajitetea.

"Chako hakifi. Hivi vya udongo, huenda vingine vimebaki, lakini sitajua ni vingapi, na kazi yangu ni kujua."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimwaga mfuko mmoja mmoja kwenye gunia ambalo mama yake amepandia mboga ya sukuma, ukiwemo ule aliosema aliuchimba akiwa amepiga magoti kwenye baridi.

Alhamisi akapanda mlima tena, na mvua ilikuwa imeanza. Kutoka Kawangware mlima wenyewe hauonekani. Mimi nilifua huku nikitazama upande huo tu.